Naomba ushauri: kampuni imeokolewa na hela ya walipa kodi, iachwe itangaze kwa mamilioni?

Wakuu habari zenu, Ijumaa nina mdahalo chuoni na nimepangwa kutetea kwamba kampuni iliyookolewa na serikali iachwe itangaze inavyotaka, sasa mimi mwenyewe moyo wangu uko upande wa pili kabisa yani.

Mfano tuliopewa ni Citigroup, benki kubwa ya Marekani. 2006 walikubali kutoa dola milioni 400 kwa miaka 20 ili uwanja mpya wa New York Mets, timu ya besiboli, uitwe Citi Field, 2008 mambo yakawachachia serikali ikawapa dola bilioni 45, na Novemba hiyohiyo wakatangaza kupunguza wafanyakazi kama 52,000. Uwanja ukafunguliwa 2009 jina liko juu pale kubwaaa. We fikiria umepigwa chini kazini halafu unapita hapo unalisoma.

Mjomba wangu tulimchangia ukoo mzima asifungiwe duka, wiki ya pili kaja na bango la taa na spika mlangoni, bibi hamsemeshi mpaka leo.

Utetezi nilionao ni Chrysler, kampuni ya magari ya Marekani, nao waliokolewa 2009, 2011 wakarusha tangazo la dakika 2 nzima kwenye Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, wakiwa na rapa Eminem, na Mei wakalipa mikopo ya serikali iliyobaki. Gari bila kutangazwa nani atanunua? Ila mpinzani akisema ziliuzika kwa sababu zingine namjibuje? Na hii ya kwamba mkataba wa Citi ulisainiwa kabla ya balaa, ina nguvu au watanicheka?