Naomba ushauri: tope la Safari Rally ya 1968 kwenye diorama ya kipimo cha 1:24

Ndugu wanajukwaa, natengeneza diorama (mandhari ndogo ya mfano, hapa kila kitu ni kidogo mara 24 kuliko halisi) ya Safari Rally ya Pasaka ya mwaka 1968, ambapo magari 93 yalianza na saba tu yakamaliza. Peugeot 404 ya washindi, Nick Nowicki na Paddy Cliff, iko tayari. Kinachonishinda ni tope. Nilimwaga plasta ya kahawia juu ya povu gumu la kufungashia. Baada ya siku mbili ikapasuka kuanzia ukingoni, na pale isipopasuka inafanana na uji wa ulezi. Marehemu baba alikuwa miongoni mwa vijana waliosukuma magari yaliponasa, kwa hiyo natamani sana barabara hii iwe ya kweli.

Fundi Karakana: Pole, ndugu yangu. Povu hupinda na plasta haipindi, ndiyo maana imepasuka. Bandika povu juu ya plaiwudi, kisha uachane na plasta na utumie udongo wenyewe, uliokaangwa kwenye kikaango kikavu ili usiote ukungu, ukichanganywa na gundi nyeupe ya mbao na kupakwa tabaka la milimita mbili au tatu, kila tabaka likauke kabla ya lingine. Uchekeche kwa chujio la chai, kisha kwa soksi nyembamba ya nailoni, kwa maana punje ya milimita moja katika kipimo chako ni jiwe la sentimita 2.4, na macho hulitambua hilo upesi kuliko kosa la rangi. Tabaka la juu likiwa bado bichi, lipitishie gurudumu la akiba lililopakwa mafuta kidogo ili lising'ang'anie.

Bi. Mwanamodeli: Amua kwanza barabara yako iko wapi. Udongo mwekundu wa nyanda za kahawa na udongo mweusi wa tambarare havichanganyiki ovyo. Vanishi inayong'aa ipake ndani ya mifereji ya magurudumu tu, palipotuama maji. Kingo ziache bila mng'ao.

Mpenda 404: Naongeza kuhusu gari. Tope hurushwa nyuma ya kila gurudumu na kupanda ubavuni, navyo vifuta-kioo huacha nusu duara safi kwenye kioo cha mbele. Namba ya gari inakili kutoka kwenye picha ya mwaka uleule. Na hao wasukumaji, mtu wa mita 1.75 awe na sentimita 7.3, ila usiwasimamishe juu ya tope, wazamishe.

Mwenye uzi: Nawashukuru sana. Nimechagua udongo mwekundu, na tabaka la kwanza limekauka bila ufa. Jana usiku nilimkata msukumaji wa kwanza chini kidogo ya magoti, nikamkita nyuma ya buti, mikono yote miwili kwenye bamba, na tope likamfika magotini. Huyo nimempa shati jeupe, kama alilosimulia baba.