Mzazi amemwona yaya wangu akihudumu baa, sasa wanataka nimfute kazi. Nisaidieni

MamaKituo_Umoja

Habari zenu wenzangu. Naandika usiku huu kwa sababu kesho asubuhi kuna wazazi watatu wanaongoja jibu langu mlangoni.

Nina kituo kidogo cha kulelea watoto hapa Umoja, Nairobi. Watoto ni 14, mdogo kabisa ana miezi 7. Kazini tuko watatu: mimi, dada wa jikoni, na yaya ambaye watoto humwita Anti. Amekaa nami miaka 2 na miezi 4. Amechelewa mara mbili tu, na siku zote mbili mvua ilikuwa imefunga Outering Road. Kuna mtoto alikuja kwetu hali kitu mpaka alazimishwe. Anti ndiye aliyegundua kwamba huyo mtoto anataka kukaa sakafuni na wenzake, si kwenye kiti peke yake. Tangu siku hiyo anamaliza sahani.

Jumamosi usiku baba mmoja alimkuta akihudumu katika baa moja upande wa Kayole. Akampiga picha ameshika trei ya chupa, na Jumapili asubuhi akaitia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Chini akaandika: "Huyu ndiye tunamwachia watoto?" Mpaka watu watoke kanisani, simu yangu ilikuwa imejaa.

Jumatatu nilimwita nikamuuliza. Hakukana. Anafanya Ijumaa na Jumamosi usiku tangu Januari, mtoto wake alipoenda shule ya bweni. Kisha akaniuliza, "Mama, kuna mtoto nimemkosea?" Nilinyamaza, maana hakuna.

Nikimfuta nitakuwa nimemwonea. Nikimbakiza, nikipoteza watoto watatu, kodi ya nyumba inanishinda. Maisha yake ya usiku yananihusu kweli?

BabaPacha

Mimi ni mzazi, na nitasema bila kuzunguka. Mwondoe. Simwiti malaya na sisemi baa ni dhambi. Hofu yangu ni wale watu wanaomzoea huko. Mlevi akimtamani mhudumu humfuata mpaka ajue anakaa wapi na mchana anafanya kazi wapi. Siku moja atasimama kwenye geti lako na mwanangu yuko ndani. Wewe unamwona yeye peke yake, mimi namwona na wote wanaoweza kumfuata.

Nyanya_Buruburu

Mwanangu, hofu ya huyo baba ina dawa, na dawa yake ni geti. Mtoto hachukuliwi na mtu ambaye jina lake haliko kwenye daftari, na mgeni wa mfanyakazi haingii ndani, awe ametoka baa au kwaya. Hilo ulipaswa kuwa nalo hata kama yaya wako angekuwa mtawa.

Mimi swali langu ni jingine. Hiyo Ijumaa usiku anatoka saa ngapi? Na Jumamosi asubuhi unafungua?

Nimefanya zamu za usiku katika wodi ya watoto miaka mingi. Mtu ambaye hajalala anaweza kusimama, akaongea, hata akacheka, na bado asione mtoto aliyegeuka kifudifudi mbele yake. Mtoto wa miezi 7 anageuka mwenyewe na anatia kila kitu mdomoni. Anataka jicho lililolala. Hapo ndipo maisha ya usiku yanapoingia kazini, mama. Picha ya baa haijawahi kumsakama mtoto kooni.

MamaKituo_Umoja

Nyanya, umenigusa mahali ambapo sikuwa nimetazama. Anatoka saa tisa usiku. Jumamosi tunafungua saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana. Na nikikumbuka vizuri, Jumamosi huwa namkuta ameegemea ukuta watoto wakilala. Nilidhani ni uchovu wa wiki.

Karani_Milimani

Kabla hujaamua, jua sheria imesimama wapi, maana nimeona waajiri wengi wakilia baadaye.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inaruhusu kumfuta mtu papo hapo kwa ulevi, lakini ulevi wa saa za kazi unaomfanya ashindwe na kazi yake. Kuuza pombe Jumamosi usiku mahali pengine hakumo. Kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa na umsikilize, naye ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake. Kifungu cha 43 kinakuwekea wewe mzigo wa kuthibitisha hiyo sababu. Ukishindwa, korti inaweza kukuamuru umlipe hadi mishahara ya miezi 12. "Wazazi wamekasirika" si ushahidi.

Katiba nayo, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, ikiwemo mambo yake ya kifamilia na ya binafsi yasianikwe bila sababu. Lakini kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kwa hiyo usimwambie mzazi kwamba maisha ya yaya hayamhusu hata kidogo. Angekuwa na kesi ya kumdhuru mtoto, hata iwe nje ya kazi, ingekuhusu sana, na ndiyo maana tunadai cheti cha tabia njema cha polisi. Je, unacho chake? Huombwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu alama za vidole.

NimekuwaYaya

Nilifanya kazi kwa watu miaka 9, kwa hivyo niruhusuni.

Mwajiri wangu wa pili alikuwa akichukua simu yangu jioni na kusoma meseji. Alijua nachumbiwa na nani kabla mamangu hajajua. Nilipopata mimba alisema "sina nafasi ya wawili", na kesho yake nikamwaga unga. Mtoto wake nilimlea tangu siku 40. Sikuruhusiwa kumuaga. Hiyo sehemu bado inaniuma kuliko mshahara niliodai.

Mnajadili picha na walevi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mtu anayesimama na watoto siku 6 kwa wiki anaenda kusimama tena usiku. Mama Kituo, unamlipa ngapi?

MamaKituo_Umoja

13,000. Na chakula cha mchana.

Karani_Milimani

Dada, "yaya wa watoto" ametajwa waziwazi katika agizo la serikali la mishahara, kundi moja na mtumishi wa nyumbani na mlinzi wa mchana. Novemba 2024 kima cha chini Nairobi kiliwekwa kuwa 16,113.75 kwa mwezi. Hapo ongeza asilimia 15 ya nyumba kama hujampa pa kulala. Ukimfuta akaenda kwa afisa wa kazi, picha ya baa haitaulizwa kwanza. Itaulizwa hati ya mshahara.

Mzazi_Donholm

Niseme neno juu ya picha. Yule baba simlaumu kuwa baa, ni mtu mzima na pesa ni zake. Lakini yeye alikuwa amekaa kupumzika, na Anti alikuwa kazini. Kumpiga mtu picha akiwa kazini bila kumwomba, kisha kumwanika mbele ya watu wanaomkabidhi watoto, ni kumvunjia heshima. Mwambie aifute.

BabaPacha

Geti na daftari nimekubali. Saa tisa usiku kisha saa moja asubuhi, siwezi kukubali.

MamaKituo_Umoja

Narudi baada ya siku nne. Asanteni, hata walionikasirisha.

Nilikaa na Anti na dada wa jikoni, tukaongea kwa utaratibu. Nilimwambia habari ya baa sitaiuliza tena, ila Jumamosi asubuhi hatashika mtoto akiwa hajalala. Alilia kidogo akasema alikuwa anaogopa sana siku hizo, ila alidhani akiniambia nitatafuta mtu wa kushika nafasi yake. Kwa hiyo Jumamosi nashika mimi.

Mshahara nimeupandisha hadi 18,600 kuanzia mwezi ujao. Nilipiga hesabu mara tatu. Ni 5,600 zaidi, sawa na 400 kwa kila mtoto, nikaandika hivyo hivyo kwenye kundi, na sababu yake. Niliandika pia kwamba vyeti vyetu vya tabia njema, changu kikiwemo, vitabandikwa ukutani vikitoka, na daftari la geti limeanza.

Mama mmoja amemtoa mtoto wake. Sikumbembeleza, lakini 400 yake sasa inatoka kwangu, na inauma. Wa pili hajajibu. Baba wa picha alikuja mwenyewe jana, akasimama kwa geti muda mrefu. Ameifuta. Anti alimkabidhi mtoto wake, akamweleza amekula nini na amelala saa ngapi, kama kila siku.

Ijumaa hii bado anaenda baa. Anasema mpaka amalize karo ya muhula huu.