Aliyetuibia karafuu sasa anamposa mdogo wangu: ni mtu yule yule?

Kaka_Mtu_Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mnisaidie kufikiri.

Baba na babu zetu wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi ndiye walii, yaani mwenye kumuozesha, wa mdogo wangu wa kike. Imekuja posa. Mposaji ni kijana wa mtaa wa pili, fundi wa mashine za boti, msikitini hakosekani, na anamtunza mama yake kuliko wengi ninaowajua. Lakini huyu huyu, bado hajabaleghe vizuri, ndiye aliyetuingilia usiku wa msimu akakomba karafuu tulizokuwa tumeziweka barazani. Naikumbuka asubuhi ile: majamvi ya karafuu yamekung'utwa tupu, ya makonyo (vikonyo vya karafuu) pembeni hayakuguswa. Marehemu baba aliuza ng'ombe ili awalipe wachumaji. Kijana alipojulikana akakimbilia Unguja, na sasa amerudi mtu mzima.

Mjomba anasema mwizi ni mwizi tu. Kijana kamtuma mshenga aseme: "Yule hakuwa mimi, nilikuwa mtoto." Mimi nikimtazama nawaona wote wawili. Nimpe jawabu yupi?

Mwalimu_wa_Skuli
Waalaykum salaam. Swali hili limewasumbua watu wazito. Mwanafalsafa John Locke wa Uingereza, mwaka 1694, aliandika kwamba mtu hubaki yule yule kwa kadiri ufahamu wake unavyoweza kurudi nyuma na kulishika tendo kuwa ni lake. Kwake hilo ndilo linalohalalisha thawabu na adhabu. Kijana anaukumbuka usiku ule, basi ni wake.

Ila mwanafalsafa mwenzake, Thomas Reid wa Uskoti, alimjibu mwaka 1785 kwa kisa kinachokaribiana na chako. Mtoto alichapwa skuli kwa kuiba matunda shambani. Akakua, akawa ofisa, akateka bendera ya adui vitani, huku bado anakumbuka zile bakora. Uzeeni akawa jenerali: bendera anaikumbuka, bakora zimemtoka kabisa. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ni yule ofisa, na ofisa ni yule mtoto, lakini jenerali si yule mtoto! Haiwezekani. Reid akasema kumbukumbu ni ushahidi tu wa kuwa mtu ni yule yule, siyo kinachomfanya awe yule yule. Kwa hiyo hata angesahau, mkono uliokomba karafuu ungebaki wake. Hapo mshenga kateleza.

Binti_Mkoani
Sawa mwalimu, ila na mjomba naye aulizwe. Mwaka 1971 wanasaikolojia Edward Jones na Richard Nisbett walitoa hoja kwamba tukikosa sisi tunataja hali iliyotubana, akikosa mwenzetu tunataja tabia yake. Muulize mjomba makosa yake ya ujana, utasikia habari za njaa na marafiki wabaya. Ya huyu kijana yamekuwa jina lake. Kwao mwaka ule kulikuwaje, kuna anayejua? Simtetei, wizi ni wizi. Nasema tu kwamba tendo la usiku mmoja mmelifanya maumbile.

Tena kinachonikera zaidi: bibi harusi yuko wapi katika habari hii? Mwanafalsafa Kant wa Ujerumani aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kama njia tu ya kufikia shabaha ya mwingine. Heshima ya ukoo isilindwe kwa kumpitia yeye bila kumuuliza.

Kaka_Mtu_Wete
Dada yangu, nimemuuliza bibi harusi leo. Anamtaka. Kisa anakijua chote. Kaniambia, "Kaka, mimi namuona anavyoishi sasa, wewe bado unahesabu magunia." Sikuwa na la kumjibu.

Mzee_wa_Baraza
Mwanangu, wote mmezunguka jambo moja. Kijana akisema "yule hakuwa mimi", anajifungia mlango mwenyewe. Kama si yeye, toba ni ya nani? Nani atakayekuomba radhi? Mtu huomba msamaha kwa sababu ni yule yule, na husamehewa kwa sababu amegeuka. Yote mawili yanatakiwa yawe kweli kwa pamoja, na mjomba kashika la kwanza, mshenga kashika la pili.

Wanazuoni wetu wametaja masharti ya toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na pakiwa na haki ya mja, airudishe au amwombe mwenyewe amhalalishie. Matatu unayaona katika mwenendo wake. La nne ndilo lililobaki, na haliwezi kupitia kwa mshenga. Mwenye haki sasa ni warithi wa baba yako, akiwemo mama.

Kaka_Mtu_Wete
Ahsante mzee, hapa umenifungua. Nitamwita aje mwenyewe mbele ya mama, kabla hatujaongea habari ya mahari. Mama nilipomgusia kasema, "Aje, nimsikie kwa kinywa chake." Swali langu la mwisho: akitaka kulipa, ni kwa bei ya wakati ule au ya leo?

Mzee_wa_Baraza
Karafuu ni kitu cha kupimwa. Asili yake hulipwa kwa mfano wake, karafuu kwa karafuu, kiasi kile kile, bei isiwashughulishe. Lakini kamuulizeni kadhi, na warithi wote wawepo, maana anayetaka kusamehe fungu lake ana haki hiyo.