Ameikunja orodha yangu ya vipuri vya kompyuta akaiweka chini ya mguu wa meza. HUYO HUYO mnayemjua!

Mjenzi_Nyamasaria

Wasee, hata nyumbani sijafika. Naandika nikiwa ndani ya matatu ya kwenda Nyamasaria, vidole vinatetemeka. Jina lake silitaji na hakuna haja. Mtu yeyote ambaye amewahi kutafuta hata waya wa monita hapa Kisumu anamjua. Yule wa kofia. Yule ambaye ukimuuliza bei, kwanza anakuangalia viatu.

Huyo mtu amechukua orodha yangu ya kujengea kompyuta, akaikunja, akaikunja tena, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza yake ili meza isiyumbe. Watu wakiona! Mimi mwenyewe nikiwa nimesimama pale!

Ile orodha si ya kuandikwa kwa kubahatisha. Nimechanga pesa za vibarua mpaka zikafika Ksh 60,000 na nimepekua kila kipuri. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, Ryzen 5 5600G, kwa sababu ina grafiki ndani yake, naanza bila kadi ya grafiki mpaka mfuko upumue. Madabodi ya B550 yenye soketi ya AM4, ndipo prosesa hiyo inapokaa. RAM ya DDR4, vijiti viwili vya 8GB wala si kimoja cha 16, maana grafiki ya ndani inakula RAM hiyo hiyo, na vijiti viwili vinapitisha data kwa njia mbili kwa pamoja. SSD ya NVMe, ile diski ya kasi, 500GB. Pawa saplai ya wati 550 yenye muhuri wa 80 Plus Bronze, wa kutopoteza umeme mwingi, na hapo nilipiga mstari kwa kalamu nyekundu, kwa sababu stima ya huku sote tunaijua. Kasha lolote, bora liwe na feni mbele. Joto la Kisumu halitaki mchezo.

Nikampa. Akaisoma kwa sauti, duka zima linasikia, kila kipuri akikitaja anacheka. Alicheka mpaka mbuzi wa soko la Kibuye wakageuka. Kisha akaniuliza, "Kijana, saba na tano, kubwa ni gani?" Nikanyamaza. Akawageukia wateja: "Jamani, saba na tano, kubwa ni gani?" Duka lote: "SABA!" Hata mama aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho naye akasema saba.

"Basi mimi nina i7, na huyu anataka 5."

Hiyo i7 yake, prosesa ya Intel, ni i7-2600. Imetoka 2011! Mimi nilikuwa darasa la nne! Ina kore 4, inatumia RAM ya DDR3, na inakunywa hadi wati 95. Ya kwangu ni ya 2021, kore 6, wati 65. Ile namba 7 ni daraja ndani ya kizazi chake, huwezi kuilinganisha na ya miaka kumi baadaye. Windows 11 rasmi kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, na hiyo ya kwake ni kizazi cha pili. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Kwa hiyo anataka nimpe Ksh 45,000 ya mashine ya ex-UK, mtumba wa Uingereza, ambayo hata mlangoni haijatoka na tayari imeachwa.

Nilianza kumweleza haya yote kwa heshima, "Mzee, tatizo ni kizazi." Hapo ndipo akainama. KARATASI. CHINI. YA. MEZA. Halafu akaigonga meza kwa kiganja, akaona imetulia, akasema: "Angalau sasa imefanya kazi."

Angalau sasa imefanya kazi!!!

Nimeshuka zile ngazi sioni mbele. Mtu wa namna hiyo anaachiwaje kuuza hata betri ya rimoti?

---

Omera_wa_Kondele

😂😂😂 "Angalau sasa imefanya kazi." Omera, pole sana, lakini nimecheka hadi mke wangu amekuja kuuliza kuna nini.

KalamuNyekundu

Kwani ulienda dukani na karatasi? Ulikuwa umetumwa unga na sukari?

FundiWaSaiba

Huyo namjua na kofia yake. Alimuuzia rafiki yangu kadi ya grafiki, "1050 Ti 4GB, mpya kabisa". Tukaifungua kwa GPU-Z, ile programu ya kukagua kadi, nayo ikaandika FAKE mbele ya jina. Ni kadi ya zamani sana iliyobadilishwa BIOS, ile programu yake ya ndani, ili ijidai. Ukiona inayoitwa 1050 Ti ina tundu la VGA la buluu, lile la monita za zamani, weka mkono mfukoni uondoke. Familia ile ya Pascal chipu yake haitoi VGA. Turudishe kadi? Alituambia virusi vyetu ndivyo vimeibadilisha jina.

Mjenzi_Nyamasaria

@FundiWaSaiba ASANTE. Na mimi nilionyeshwa kadi hiyo hiyo! Aliitoa kwenye droo iliyokuwa na mswaki! Lakini hata hiyo ningemsamehe. Karatasi yangu alikuwa na haki gani nayo? Mstari mwekundu sasa hivi unakanyagwa na meza.

Baba_Tokeni

Kijana, mimi nitasema lisilopendeza. Yule anauza kinachotoka. Wateja wake ni watu wa saiba: mashine ya kufungulia eCitizen, kujaza fomu, kuprinti barua ya kazi. Kwa kazi hiyo i7 ya 2011 ukiiwekea SSD inapiga kazi vizuri kabisa. Hiyo B550 yako akiiagiza itakaa kwenye kioo mpaka ioteshe nywele.

Mjenzi_Nyamasaria

Mzee wangu, sikumwambia aiagize. Angesema "sina", ningeondoka. "Sina" ni neno dogo. Yeye aliona heri ainame!

FundiWaSaiba

@Baba_Tokeni kwa kuprinti sawa. Ila Mjenzi anataka kuhariri video na kucheza gemu. i7-2600 haina AVX2, maagizo ya prosesa ambayo programu nyingi mpya zinayahitaji, hiyo Intel waliileta 2013 na kizazi cha nne. Kuna gemu mpya zinakataa hata kufunguka. Na hizo mashine za ofisini za ex-UK nyingi pawa saplai yake ina plagi za kampuni yenyewe, si ile ya kawaida ya pini 24. Siku ukitaka kubadilisha, unajikuta unabadilisha kila kitu. Zile nyembamba ndiyo kabisa, kadi ya kawaida haiingii hata ukiipaka mafuta.

Mwana_wa_Section58

Poleni watu wa Kisumu. Hapa Nakuru unaingia dukani na orodha yako, unapewa kiti.

Omera_wa_Kondele

Unapewa kiti na vumbi. Kompyuta ya Nakuru ikifika mwezi wa pili unaipandia viazi ndani.

Mwana_wa_Section58

Vumbi linapulizwa, likaisha. Nyinyi joto lenu mtalipuliza na nini?

Sista_Solda

Naomba niseme kitu, maana naona hapa watu wanalia na karatasi.

Mimi ni fundi. Nalala na solda, naamka na solda. Nilienda kwa HUYO HUYO kununua pesti ya prosesa, ile ya kupitishia joto kwenda kwenye kipoozi, kitu kidogo tu. Nikamwuliza, hii ina makali gani ya kupitisha joto, na ile nyingine je? Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu, akasema: "Umetumwa na nani?" Nikamwambia sijatumwa. Akasema, "Mwambie kaka yako aje mwenyewe, hii si kitu ya kupaka usoni."

Kupaka usoni.

Nina mashine tatu za wateja mezani zimefunguliwa, namba yangu imeandikwa kwenye vioo vya saiba nusu ya Manyatta, na mtu ananiambia nisipake pesti usoni. Mjenzi, wewe angalau alikusoma kwanza.

KalamuNyekundu

Wueh. Hii sasa ndiyo kesi. Karatasi ikae pembeni.

Omera_wa_Kondele

Dada pole sana. Hapo hakuna kucheka. Ulimjibu nini?

Sista_Solda

Nilimwambia feni ya mashine yake ya kaunta inalia kwa sababu pesti imekauka, na nikamwachia akiisikiliza. Tangu siku hiyo naagiza Luthuli Avenue, Nairobi.

Mjenzi_Nyamasaria

Pole sana dada, na nakuheshimu, huyo mtu hafai kabisa. Lakini tusisahau kwamba meza ILIKUWA INAYUMBA kabla ya karatasi yangu, na alikuwa na maboksi mengi tu ya kukunja. Alichagua yangu.

KalamuNyekundu

Mjenzi, meza imetulia, nawe tulia.

Abiria_Mwenye_Hasira

Mmetaja kuagiza Nairobi, mmenikumbusha machungu. Niliagiza kasha lenye ubavu wa kioo, likapandishwa basi la usiku. Asubuhi nafika ofisi ya vifurushi, nalinyanyua, nasikia SHAAA ndani ya boksi. Kioo kimegeuka chumvi. Boksi limeandikwa pande zote "KIOO, TARATIBU", na juu ya hilo neno TARATIBU kuna alama ya buti. Buti zima! Hata namba ya kiatu inasomeka! Kijana wa dirishani ananiambia, "Boksi yako iko sawa, ona, haijapasuka." Boksi!

FundiWaSaiba

@Abiria_Mwenye_Hasira nunua kasha la bati tupu. Kioo cha nini? Na mbele liwe na wavu, hewa iingie. Kasha zuri lililozibwa mbele linapika vipuri.

Mkazi_wa_Dunga

Wavu? Wewe hukai karibu na ziwa. Mimi niliweka hilo la wavu. Wadudu wa ziwa walipokuja, lile wingu lao jeusi, taa ya RGB ikawaita wote. Asubuhi feni hazizunguki. Nimefungua, nikatoa wadudu wa kujaza kikombe cha chai, na harufu yake sitaki hata kukumbuka. Walikuwa wamepenya mpaka katikati ya mapezi ya kipoozi. Huyo aliyegundua taa za rangi ndani ya kompyuta hajawahi kulala Dunga.

Sista_Solda

@Mkazi_wa_Dunga zima RGB usiku, kisha weka kitambaa chepesi cha nailoni mbele ya feni za kuingiza hewa, ukioshe kila wiki. Joto litapanda kidogo lakini utalala.

Baba_Tokeni

Wadudu mnawafukuza. Mimi wa kwangu analipwa kodi. Mwenye nyumba ametuweka mita moja ya stima nyumba sita, tokeni tunachanga. Sasa kijana wangu amejenga kompyuta, majirani wakifungua tu dirisha na kuona ile taa ya buluu, wanasema tokeni imekwisha kwa sababu yake. Mama wa nyumba ya tatu ana pasi, ana jagi la kuchemshia maji, ana koili ya kupikia githeri TANGU ASUBUHI. Lakini mkutano uliitishwa kwa ajili ya kompyuta!

FundiWaSaiba

😂 Koili ya jikoni inakula wati elfu moja na zaidi. Hiyo kompyuta kama ni ya 5600G bila kadi, hata ikikazwa haifiki robo yake. Mnunulie kile kipima wati cha kuchomeka ukutani, uende nacho mkutanoni.

Mjenzi_Nyamasaria

Samahani, kabla hatujaenda mbali. Kuna anayejua ninapoweza kupata B550 hapa hapa Kisumu bila kupitia kwa yule? Au B450 inatosha? Nasikia B450 za zamani zinataka BIOS mpya kwanza ndipo ziwake na 5600G.

Sista_Solda

B450 inatosha. Uliza kama BIOS imesasishwa, au chukua yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Ukikwama niletee, nina prosesa ya zamani ya AM4 ya kuiwashia. Na ile pawa saplai usiipunguze bei hata shilingi.

Mjenzi_Nyamasaria

Asante dada. Mungu akubariki. Ile orodha ningekutumia picha, lakini mnajua iliko.

Mwana_wa_Section58

Baba Tokeni, mkutano uliishaje?

Baba_Tokeni

Waliamua kompyuta iwashwe baada ya saa nne usiku. Koili haikuguswa. Mwenyekiti wa mkutano ni nani? Mama wa koili.

Omera_wa_Kondele

Mama wa koili afunguliwe uzi wake sasa hivi.

KalamuNyekundu

Nimeufungua tayari, hameni. Na wa githeri ya jirani kunuka hadi kwa blanketi uko hapo chini yake.

Abiria_Mwenye_Hasira

Kabla hamjahama, nani anataka kasha lisilo na ubavu? Niko Mamboleo. Bei tutaongea.

Mkazi_wa_Dunga

Lina wavu mbele?