Naomba ushauri: je, oili nyepesi itapunguza ulaji wa petroli kwenye IST yangu?

MkaziWaMbezi: Habari zenu wanajamvi. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ, ambayo zamani ilikwenda kilomita 14 kwa lita moja ya petroli na sasa haifiki 10. Fundi huweka oili ya 20W-50, nami nimesoma kwamba oili nzito huchosha injini. Je, nikihamia 0W-20 ulaji utarudi ulivyokuwa? Bajeti imenielemea mno.

FundiMstaafu: Ulichosoma ni kweli, lakini athari yake ni ndogo. Namba ya mwisho hueleza uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, na hapo ndipo petroli hupotea zaidi safarini. Namba iliyo mbele ya W inahusu baridi, ambayo Dar es Salaam haitusumbui. Wizara ya Nishati ya Marekani hutaja hasara ya asilimia 1 hadi 2 kwa anayeweka 10W-30 kwenye injini ya 5W-30. Hata kwa 20W-50, oili peke yake haiwezi kula karibu theluthi ya mwendo wako. Ni nini kilichoguswa kabla ulaji haujapanda?

MamaNoah: Mimi nilihangaika na oili za kila aina, kumbe breki ya nyuma ya Noah yangu ilikuwa inashika, na rimu ilikuwa haigusiki kwa moto. Kagua breki na upepo wa matairi, ndugu yangu, na uache kungoja gari lilie ndipo ulipeleke gereji.

MkaziWaMbezi: Breki na matairi ni salama. Gari liliwahi kuchemsha, fundi akatoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, akisema nchi ya joto haiihitaji. Sidhani hilo linahusiana na oili, na dumu la 0W-20 nimekwisha kulinunua.

Mdadisi: Ninautilia shaka uzi huu. Jambo kubwa linafichwa hadi mtu abanwe, kisha tunaambiwa dumu limekwisha nunuliwa. Nyuzi za namna hii huishia kwenye namba ya simu ya muuza oili.

MkaziWaMbezi: Siuzi chochote, ndiyo maana sikutaja jina la oili wala duka. Themostati niliinyamazia kwa sababu fundi huyo ni shemeji yangu, naye husoma humu.

FundiMstaafu: Mdadisi, hata kama kisa kimetungwa, magari yaliyotolewa themostati ni mengi mno mjini, kwa hiyo acha nijibu. Kwenye 1NZ kifaa hicho hufunguka maji yakifika takribani nyuzi 82. Kikiondolewa, maji hupita kwenye rejeta tangu unapowasha gari, injini inachelewa kupata joto, na kompyuta, ikisoma kwamba maji ni ya baridi, huongeza petroli. Oili nayo hubaki nzito kwa muda mrefu kuliko inavyopaswa, hata iwe hiyo 0W-20 yako, kwa hiyo mambo haya mawili yanahusiana kabisa. Tena chanzo cha kuchemsha hakikutafutwa: huenda ni rejeta iliyoziba, feni au pampu ya maji. Je, injini inakula oili?

MkaziWaMbezi: Huwa naongeza kidogo kati ya sevisi moja na nyingine. Hata hivyo dumu lilikuwa ghali, na ningependa kulitumia.

FundiMstaafu: Usilifungue, liombe duka likubadilishie 5W-30, ambayo Toyota inaikubali kwa injini hiyo. Ringi za pistoni zilizochoka hupitisha oili nyepesi kwa haraka zaidi, na utakachookoa kwenye petroli utakirudisha kwenye oili ya kuongezea. Shemeji yako akague rejeta, feni na pampu kwanza, kisha arudishe themostati. Baada ya hapo jaza tangi hadi juu, endesha kama kawaida, jaza tena, na ugawanye kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Fanya hesabu hiyo kabla ya kubadili oili, ili ujue kila badiliko limekupa nini.