Thri-deka, wapangaji hawana hela: nianze na WAP au Mass Save?

KaribuWorcester: Habari wakuu. Nina thri-deka, yaani nyumba ya floo tatu, hapa Worcester, Massachusetts, mbao tupu, familia moja kila floo, boila za kizee na baridi inapenya mpaka kwenye soketi za ukutani. Wapangaji wanajilipia gesi, wawili kati yao wako kwenye msaada wa bili ya hita. Sasa kuna WAP, ule mpango wa serikali kuu wa kuziba nyumba za wenye kipato kidogo zisipitishe baridi, na kuna Mass Save, ule wa kampuni za umeme na gesi za hapa jimboni, ipi inalipa, na mimi mfukoni nitatoa ngapi?

Babu_Lowell: WAP mkuu, hiyo ipo tangu 1976. Anayepimwa kipato ni mpangaji sio wewe, ata ungekuwa na nyumba kumi. Floo tatu wanataka theluthi mbili wawe wanafaa, wako wawili wanatosha kabisaa. Wenye nyumba za familia mbili au nne ndo wamepona, wao nusu tu.

mamake_twins: Mwambie na masharti basi. Unasaini kwamba hutapandisha kodi kwa sababu ya hiyo kazi kwa muda waliokuwekea, watu wanasaini bila kusoma halafu wanalia. Mi naona ni haki, hela imekuja kwa ajili ya mpangaji.

KaribuWorcester: Kodi sina mpango wa kupandisha. Foleni je?

Babu_Lowell: Foleni ipo, usidanganywe. Halafu wakija wanafunga lile feni mlangoni kuona hewa inavujia wapi, na wakikuta darini zile nyaya za zamani zinazopita kwenye vipande vya kaure wanasimama hapo hapo mpaka uzibadilishe, kwangu ilibidi nilete fundi umeme kwanza na hela yake sitaki kuikumbuka.

fundi_isulesheni: Nafanya hizi kazi. Mnapoteza muda kuchagua, hapa Massachusetts mpangaji akiwa chini ya asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, kipimo kile kile cha msaada wa bili, mlango ni mmoja, mashirika yale yale yanachanganya hela za pande zote na isulesheni, yaani ule ujazo wa ukutani na darini wa kuzuia baridi, inakuwa bure. Mass Save ya kawaida yenye punguzo la asilimia 75 au zaidi ni ya wale wenye kipato kikubwa. Mwambie mpangaji atoe ile barua ya msaada, hiyo ndo inafungua kila kitu, sahihi yako inakuja baadaye.

KaribuWorcester: Ahsante fundi. Wa floo ya pili kashanitumia picha ya barua. Wa floo ya tatu hapokei simu, anajua nadai kodi 😂