Mrejesho: mwanangu aliyeharisha damu, figo zikagoma

Wakuu, narudi kwenye lile swali nililoomba ushauri hapa, la mwanangu wa miaka 2, aliyeharisha damu kisha mkojo ukapungua, tukiwa Tukuyu. Ahsanteni sana.

Aliyesema nichukue hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu), nijumlishe na kreatinini (taka ambayo figo huchuja) iliyozidishwa kwa 2, jumla ikizidi 13 ni hatari, nilimsikiliza. Maabara iliandika kreatinini 186, nusura nizimie. Kumbe ni mikromoli kwa lita, na hesabu ile inataka miligramu kwa desilita, unagawanya kwanza kwa 88.4! Ikaja 2.1, hemoglobini 10.2. Jumla 10.2 + 4.2 = 14.4. Daktari akatupa rufaa ya Mbeya usiku uleule.

Dayalisisi (kusafishwa damu figo zikishindwa) hatukuikwepa, siku 6. Nepi ya kwanza kulowa, mama yake alilia. Presha bado iko juu, anameza dawa.

Aliyeshauri dawa ya kufunga tumbo, yaani kuzuia kuharisha: hapana mkuu, daktari aliikataa kabisa.